Muhuri wa Tatu

1

Muhuri wa Lindi uliingia asubuhi, wa Bukoba ukafuata kabla ya adhuhuri, na watu wa Tukuyu wakaanza kushangilia mapema. Nje ya ofisi ya Ghala, taasisi iliyokagua programu za vifaa vya mwilini, upande wa juu wa soko, kulikuwa na skrini kubwa iliyoonyesha taa tatu kwa kila programu iliyokuwa ikisubiri kukaguliwa. Siku hiyo, kwenye mstari wa figo la kuundwa, taa mbili zilikuwa zimewaka kijani. Ya tatu ilikuwa ya Tukuyu yenyewe, mikononi mwa Atuganile Mwaijande, mzaliwa wa hapohapo, na hakuna aliyedhani kwamba angechelewa. Wanawake waliouza ndizi chini ya skrini ile walikuwa wameshazoea kusoma taa zake kama wanavyosoma mawingu.

Ndani, Atuganile alikuwa akitazama alama mbili zilizopaswa kufanana, na hazikufanana.

Alifuta kila kitu, akaanza upya. Akauchukua msimbo wa toleo jipya, ule aliokwisha kuusoma mstari kwa mstari na kuukubali, akautia kwenye kinu. Kinu ndilo jina ambalo wasomaji wa Ghala waliipa programu inayougeuza msimbo, ambao mtu anaweza kuusoma, uwe lugha ya mashine, ambayo figo linaweza kuifuata. Sheria yao ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitimiza. Wasomaji watatu, katika miji mitatu iliyo mbalimbali, wasio na mkubwa mmoja wala udugu, kila mmoja asome peke yake, kisha kila mmoja asage kwa mashine yake mwenyewe. Msimbo uleule ukipita katika kinu kilekile hauna budi kutoa unga uleule, hata chembe moja isizidi. Ukilingana, kila mmoja anatia muhuri wake, na mihuri mitatu ikitimia mafigo yote nchini hulipokea toleo jipya yenyewe, mwenye figo awe shambani, awe kanisani, awe usingizini.

Kinu kilimaliza kazi. Alama ya unga, ule mfuatano wa namba unaoutambulisha, ikatoka ileile ya mwanzo, tofauti na ya Lindi, tofauti na ya Bukoba. Na zile mbili zilifanana zenyewe kwa zenyewe.

Atuganile alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa kuvaa vizuri kwenda kazini hata siku ambazo asingeonana na mtu. Muhuri wake aliupata baada ya mitihani ambayo wengi aliosoma nao waliishia njiani, na kila toleo lilipopita redio iliyasoma majina yao: Lindi, Somoe Chilumba; Bukoba, Rwegasira Ishengoma; Tukuyu, Atuganile Mwaijande. Mama yake aliacha chochote alichokuwa akifanya ili asikilize. Sasa, kwa mara ya kwanza tangu apewe kiti kile, Atuganile alikuwa mmoja dhidi ya wawili.

Mchana ule Mhandisi Ambakisye Mwakyambiki alikuja mwenyewe, hakupiga simu. Figo lile lilikuwa lake. Alilibuni yeye, akaliunda katika karakana iliyoanzia kwenye banda la kukaushia chai, na wa kwanza kuwekewa mwilini alikuwa yeye, maana mafigo aliyozaliwa nayo yalimshinda akiwa bado kijana. Watu walitoka Zambia na Malawi kuja kuwekewa figo la Tukuyu, na wilaya nzima ilitembea kifua mbele kwa ajili yake. Alimsalimu Atuganile kwa heshima, akaketi, akauliza kuna nini.

Alipoelezwa, alisema labda kinu cha pale kimeharibika, kwani mashine ya Tukuyu ilikuwa ya zamani kuliko za wenzake, na hilo kila mtu alilijua. Kisha akamkumbusha kilichokuwa kikisubiriwa. Toleo lililokuwa likitumika lilikuwa na kosa: figo likishakaa mwilini miaka kadhaa, kipimo chake cha potasiamu kilianza kusoma chini ya ukweli, na potasiamu ikijaa katika damu, moyo hupoteza mpigo mpaka unasimama. Mahali pengine kosa hilo lingeweza kujificha muda mrefu. Wilayani kwao Rungwe, ambako watu huamka na ndizi na kulala na ndizi, na parachichi katikati, vyakula vilivyojaa potasiamu, lilijitokeza kwanza. Wagonjwa walikuwa wameshaanza kulazwa.

"Wengi wape, dada Atu," Ambakisye alisema. "Wawili wamekubali. Na wewe mwenyewe umeusoma msimbo, ukasema hauna dosari."

"Msimbo hauna dosari. Kilichotoka huko kwao ndicho nisichokijua."

"Unadhani nimeweka kitu humo?"

"Sidhani. Lakini muhuri wangu hausemi nakudhania nini wewe. Unasema nimeona."

Ambakisye aliinuka. Alieleza, bila kupandisha sauti, kwamba toleo lile lilikuwa tayari kwenye tovuti yake, limesagwa, linasubiri kupakuliwa tu, na sheria ilimruhusu kila mwenye figo kufungua kufuli la figo lake kwa kidole chake na kulichukua atakako, kwa kuwa mwili ni wake. Yeye alikuwa ameshalipakua. Lilikuwa likifanya kazi ndani yake wakati huohuo walipokuwa wakizungumza, na hakuwa amejisikia vizuri hivyo kwa miezi. Angewaambia watu hivyohivyo.

Mlangoni aligeuka. "Kuna fahari na kuna kiburi," alisema. "Angalia usije ukavichanganya."

Neno hilo lilimwingia Atuganile, kwa sababu alikuwa ameshajiuliza hivyo mwenyewe kabla mhandisi hajafika.

2

Mji ukagawanyika, ingawa kwa adabu. Waliopakua kutoka kwenye tovuti ya Ambakisye walipata nafuu upesi. Ganzi iliwatoka mikononi, moyo ukatulia, wakawa wanaonekana sokoni wakisimulia. Hawakuwa wajinga wale. Walimfahamu Ambakisye, walijua anwani ya tovuti yake, na wengine walikuwa wamesoma naye. Waliosubiri nao walikuwa na sababu yao. Walikuwa wamezoea kuingiza mwilini kile tu kilichopita mikono mitatu, na hawakuona kwa nini wabadilike siku walipoogopa. Zahanati iliwaambia waache ndizi, maharage na parachichi, wale wali na mboga zilizochemshwa na kumwagwa maji, na waliozidiwa wakapelekwa Mbeya kwenye mashine za zamani za kusafisha damu, ambazo hazikuwatosha.

Miongoni mwa waliosubiri alikuwemo mwalimu Nsajigwa, aliyefundisha kwaya kwa miaka mingi na kustaafu bila kuiacha. Alikuja ofisini akiwa na kapu la maparachichi ya mti wake, akasema yeye hayali tena kwa hiyo afadhali yaliwe na anayefanya kazi. Hakuja kulalamika. Alitaka kujua kama kuna la kuwaambia wenzake. Atuganile alimweleza ukweli wote: kwamba alama hazilingani, kwamba hajui kwa nini, kwamba huenda kosa ni la mashine yake mwenyewe. Mzee yule alitikisa kichwa taratibu kama anayesikiliza sauti moja inayopotea katika nyingi.

"Ukisikia mmoja anaimba tofauti na wawili," alisema, "huwezi kujua aliyekosea mpaka urudi kwenye noti. Rudi kwenye noti, mwanangu. Sisi tupo."

Nyumbani hali ilikuwa ngumu zaidi. Mama yake Atuganile, Mama Subilaga, alikuwa na figo la Tukuyu tangu miaka ile ya mwanzo, na kwa hiyo kipimo chake kilikuwa miongoni mwa vilivyochakaa kabisa. Ujanani alikuwa mwamuzi wa mpira wa miguu, mwanamke wa kwanza kusimamia mechi za wanaume katika mkoa ule, na hata sasa alikaa kitini mgongo umenyooka, kama mtu anayetazamwa na uwanja mzima. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili. Wakati mwingine alinyamaza katikati ya sentensi, akaweka kiganja kifuani, akangoja, kisha akaendelea kama hakuna kilichotokea.

Atuganile alikuwa na unga wake kwenye mashine. Aliusaga mwenyewe kutoka kwenye msimbo aliousoma mwenyewe. Kama kulikuwa na kitu chochote duniani alichokiamini, kilikuwa kile. Ingetosha kufungua kufuli la figo la mama yake kwa kidole cha mama mwenyewe na kuuingiza, kazi ya dakika chache, na hakuna ambaye angejua. Wazo hilo alitembea nalo asubuhi nzima. Mchana, akimmenyea mama yake viazi ambavyo vingechemshwa mara mbili, akamwambia.

Mama Subilaga aliuliza wanaosubiri wilayani ni wangapi, akaambiwa ni mamia. Akauliza kama nao watapewa, akaambiwa hapana, si kabla ya mihuri.

"Muhuri wako peke yake unatosha?"

Atuganile alikiweka kisu chini. Angeweza kusema ndiyo. Mbele ya mtu mwingine yeyote, pengine angesema.

"Hautoshi, Mama. Naweza kuwa mimi ndiye niliyekosea."

"Basi usiniulize tena," mama yake alisema, akamwomba amsogezee blanketi.

3

Alirudi kwenye noti, kama alivyoambiwa. Aliuweka unga wake na ule wa wenzake ubavu kwa ubavu, akatafuta mahali unapoachana. Alitarajia kuona tofauti imetapakaa kila mahali, kama inavyokuwa mashine ikiharibika. Haikuwa hivyo. Ulifanana mwanzo hadi mwisho isipokuwa mahali pamoja, ambapo wa wenzake ulikuwa na kipande kidogo kilichozidi. Katika msimbo wa Ambakisye hapakuwa na mstari wowote uliolingana na kipande hicho. Kilikuwa kimetoka pasipo mbegu.

Alimpigia Somoe, wakaonana kwenye skrini. Somoe Chilumba alimtangulia kwa kazi na kwa umri, mwanamke mcheshi ambaye siku hiyo hakuwa na ucheshi, kwani kuulizwa na mwenzako juu ya unga wako si jambo dogo kati ya wasomaji. Atuganile alimwomba radhi kwanza. Kisha akauliza kinu chake alikitoa wapi.

Somoe alisema ni kilekile, namba ya toleo ileile. Walipobadilishiwa mashine, yeye na Rwegasira, fundi alikipakua kutoka kwenye tovuti ya watu wanaokitengeneza, kampuni ya ng'ambo yenye jina zuri, na nani angekijua kinu kuliko waliokitengeneza? Cha Atuganile hakikutoka huko. Kilikuwa kile cha Ghala, ambacho wasomaji waliowatangulia walikisoma na kukijenga wenyewe kutoka kwenye msimbo wake, siku Ghala linaanza. Hakukuwa na kanuni iliyovunjwa. Kanuni ya mihuri mitatu ilihusu programu zinazoingia mwilini. Ya vifaa vya kazi hakuna aliyeiandika.

"Saga kwa kinu cha Ghala, dada," Atuganile alimwomba. "Mara moja tu. Ukipata tofauti na mimi, natia muhuri leoleo na barua ya kuacha kazi juu yake."

Somoe alikata simu bila kuahidi. Lakini alikuwa mtu wa kazi yake. Kesho yake mchana, waliokuwa sokoni Tukuyu wakaona jambo ambalo hawakuwahi kuliona: taa ya Lindi, iliyokuwa kijani, ilizimika. Somoe alikuwa ameuondoa muhuri wake. Unga wake wa pili ulilingana na wa Atuganile hata chembe. Jioni taa ya Bukoba nayo ikazimika.

Watu walikusanyika mbele ya ofisi. Walikuwa wamekuja na matumaini ya taa moja, na sasa hakukuwa na hata moja. Hakuna aliyerusha jiwe. Walisimama tu, na kusimama kwao kulikuwa kuzito kuliko mawe.

Rwegasira, aliyekuwa mwepesi wa mawazo, alipendekeza wamalize siku hiyohiyo. Sasa wote watatu walikuwa na unga mmoja kutoka katika kinu cha Ghala. Watie mihuri, watu wapone, mengine yachunguzwe baadaye. Atuganile alitamani kukubali kuliko alivyowahi kutamani kitu. Lakini walikuwa na vinu viwili vyenye jina moja na namba moja, na kimojawapo kilikuwa kikisema uongo. Huenda cha tovuti kiliongeza. Huenda cha Ghala kilipunguza, na kipande kile kilikuwa kitu ambacho figo linakihitaji. Kulingana kwao watatu kulionyesha tu kwamba sasa walikuwa wamekunywa kisima kimoja. Kabla ya kuruhusu watu wanywe, ilibidi wajue kile kipande kilikuwa kinafanya nini.

Somoe alikubaliana naye, na Rwegasira akafuata. Wakakisoma, kila mtu kwake, bila kuambizana, katika lugha ya mashine ambayo haikuandikwa kwa ajili ya macho ya binadamu. Ni kazi ya polepole. Unasoma amri moja, unaandika kando unachofikiri inafanya, unasonga kwa ya pili, na ya kumi inakuonyesha kwamba ya kwanza hukuielewa.

Wakati wakiwa katikati ya kazi hiyo, mwalimu Nsajigwa alifariki. Alikuwa amefuata kila alichoambiwa na zahanati. Alikuwa amekula wali mweupe na mboga zisizo na ladha, akasubiri zamu ya kwenda Mbeya, na moyo ukasimama akiwa amekaa kibarazani kwake asubuhi.

Mtu aliyeleta habari aliitoa kwa sauti ya chini na kuondoka. Atuganile hakuweza kujidanganya: kama angetia muhuri siku ile ya kwanza, mzee yule angekuwa hai. Alilia mbele ya mashine, kisha akafuta macho na kurudi kwenye amri aliyokuwa ameiacha, kwa kuwa waliobaki walikuwa wengi na mama yake alikuwa mmoja wao.

4

Walimaliza karibu wakati mmoja, yeye na Somoe, Rwegasira akifuata nyuma yao, na walipolinganisha walichoandika hawakuhitaji maneno mengi. Figo la Tukuyu lilizungumza na hospitali kwa redio ndogo, likituma vipimo vya damu. Kipande kile kilikaa sikioni mwa redio hiyo. Kilisubiri salamu fulani, mfuatano wa namba ambao hospitali isingeutuma kamwe, na kikiisikia kiliacha kuisikiliza damu, kikamsikiliza aliyesalimu.

Atuganile hakuitangaza habari hiyo. Alimwita kwanza Ambakisye, akamwomba aje na figo jipya kutoka karakanani, lisilo la mtu, lenye toleo la kwenye tovuti yake. Alikuja nalo. Waliliweka juu ya meza katika beseni la maji ya chumvi, likaanza kufanya kazi na kunguruma kwa ule mlio wake mwororo, ambao wenye mafigo husema huusikia wakiwa wamelala ubavu. Atuganile akaandika ile salamu kwenye kompyuta, akaituma. Kisha akatuma amri moja: simama.

Figo likasimama.

Ambakisye alilitazama kwa muda. Mkono wake ulikwenda wenyewe ubavuni, chini ya mbavu, mahali alipokuwa na la kwake. Atuganile aligeuza macho dirishani ili asimtazame mtu akiwa katika hali ile.

Ambakisye aliuliza kama kile kipande kilitoka kwake. Atuganile akamwambia hapana. Kinu chake, kama vya Somoe na Rwegasira, kilitoka kwenye tovuti ileile, na mahali fulani mtu alikuwa amekiondoa kinu cha kweli na kuweka pacha wake. Kinu hicho kilisaga msimbo wowote bila taabu, ila kikiona msimbo wa figo kiliongeza chembe yake. Tovuti ya Ambakisye haikuwa imeingiliwa na mtu. Msimbo wake ulikuwa safi. Aliwapa watu kitu kibaya kwa mikono misafi.

"Nimewawekea watu mlango," alisema. "Na ufunguo anao nisiyemjua."

"Umewekewa na wewe."

"Wao walipakua kwa sababu waliniona mimi nimepakua."

Hakukaa kusubiri afarijiwe. Siku hiyohiyo alikwenda redioni. Wale waliomsikia wanasema hakutafuta maneno. Aliwaeleza waliochukua toleo la tovuti yake kwamba wafike hospitalini mara moja, redio za mafigo yao zizimwe mpaka toleo safi litakapopita, akaeleza kwa nini, akasema na yeye yumo. Akasema pia kwamba watu walikuwa wamemnung'unikia msomaji wao, naye alikuwa wa kwanza kati yao, na kwamba katika nchi nzima mtu aliyesimama kati ya mafigo yale na huyo asiyejulikana alikuwa binti mmoja wa Tukuyu aliyekataa kusema ameona kabla hajaona. Sokoni waliongeza sauti ya redio. Mama Subilaga, mkono kifuani, alimwomba jirani azime hotuba iliyobaki, kwani aliyotaka kuyasikia alikuwa ameshayasikia.

Sasa walijua kinu kipi kilisema uongo. Rwegasira alitia muhuri wa kwanza, Somoe wa pili. Nje ya ofisi watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Taa ya Lindi na ya Bukoba zilipowaka, hakuna aliyeshangilia. Walikuwa wamejifunza kungoja. Atuganile alisaga mara ya mwisho, akailinganisha alama na za wenzake, akatia muhuri. Ndipo vikasikika vigelegele, vikashuka bonde zima. Wagonjwa waliokuwa umatini waliweka mikono ubavuni. Mafigo yao, moja baada ya jingine, yalikuwa yakinyamaza kidogo na kuanza tena.

Waliopakua kwenye tovuti waliwekewa wote toleo safi, na hakuna kati yao aliyesalimiwa na yule asiyejulikana. Pengine alikuwa akingoja wawe wengi zaidi. Wenye tovuti ya kinu walipoarifiwa walikiri kwamba mtu aliingia humo na kubadilisha faili, wakaomba radhi. Ni nani, hadi leo hajulikani.

5

Lugano, mjane wa mwalimu Nsajigwa, alikuja ofisini baada ya matanga kuondolewa. Alikuwa mwalimu wa hisabati katika sekondari ya wasichana, mdogo kuliko mumewe kwa miaka mingi, na hakuwa amewahi kuingia mle ndani. Atuganile alisimama kumpokea, akampa pole tena, akamvutia kiti. Alikuwa ameuandaa moyo wake kwa lolote.

Lugano alitaka kuuliza jambo moja na alitaka ajibiwe bila kuzungushwa.

"Ungetia muhuri siku ile ya kwanza, mume wangu angepona?"

"Angepona," Atuganile alisema. "Angekuwa na ule mlango ndani ya mwili wake, kama wengine. Lakini mlango haukuwahi kufunguliwa. Angekuwa hai leo."

Lugano aliitikia kwa kichwa. Alisema watu wengi walikuwa wamekuja msibani kumwambia kwamba mumewe alikufa shujaa, kwamba kifo chake kiliwaokoa wengine, na kila aliposikia hivyo alitamani kuondoka chumbani. Mumewe hakuchagua kufa, alichagua kusubiri. Alijua Atuganile alifanya sawa, alikuwa ameipiga hesabu hiyo mwenyewe mara nyingi na kila mara jibu lilikuwa lilelile. Hilo halikumrudishia mtu wake.

"Sijaja kukulaumu," alisema. "Sijaja kukusamehe pia. Nimekuja kuuliza kwa nini ilichukua muda mrefu vile."

Atuganile akamwonyesha. Alifungua kile kipande kwenye skrini, safu baada ya safu ya namba, na pembeni maelezo yake mwenyewe, yaliyofutwa na kuandikwa upya. Akamwambia kwamba katika nchi nzima wanaoweza kusoma vile walihesabika kwa vidole, na kwamba wakati wao watatu wakisoma kipande cha figo, programu nyingine zote zililala zikisubiri. Kwamba Ghala lilikuwa salama kuliko tovuti kwa sababu ya macho yaliyokuwemo, basi, na macho yenyewe yalikuwa machache. Kwamba ilikuwa imeamuliwa sasa vinu navyo vipate mihuri mitatu, jambo jema, ambalo maana yake ni kusoma mara dufu kwa watu walewale. Alisema hayo bila kujitetea. Aliona fahari juu ya kazi yake, hata siku ile, hata mbele ya mwanamke yule, na hakuona sababu ya kuificha wala ya kuficha gharama yake.

Lugano alikuwa ameisogelea skrini. Alifuata safu kwa kidole bila kuigusa. Aliuliza namba ile iliyokuwa ikijirudia ilikuwa nini. Atuganile akamwambia ni amri ya kurudi mahali ulipotoka. Akauliza basi hii ya hapa, kama inarudi ulipotoka, mbona inatua mbele badala ya nyuma? Atuganile alikuwa amekaa na swali hilohilo karibu siku nzima kabla ya kuliona.

"Ukiwa na wasomaji sita," Lugano alisema, "ungemaliza katika nusu ya muda."

"Pengine chini ya hapo."

"Muhuri ungemkuta mume wangu bado kwenye zamu ya Mbeya. Angekuwa anasubiri, lakini angekuwepo." Alikivuta kiti karibu na meza, akakiweka kipochi chake sakafuni. "Inachukua miaka mingapi kujifunza?"

Atuganile alimtajia idadi ya miaka, na kwamba mitihani ni migumu, na kwamba wengi huishia njiani. Mwanamke yule alisema wanafunzi wake wengi pia huishia njiani, na kwamba kazi yake maisha yake yote imekuwa kukaa na wale wanaoendelea.

Nje wauza ndizi walikuwa wakipanga mikungu yao, na mtu alikuwa akibishania bei. Atuganile alisogeza mashine mpaka ikawa katikati yao wawili, akarudisha skrini juu kabisa, kwenye mstari wa kwanza, akamwachia Lugano asome.